Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nishati: majiko saba, LUKU moja

Waheshimiwa,

Shikamooni walio wakubwa zangu, na wengine salaam. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Tandika, Temeke. Pasi, feni, redio, blenda na friji ndogo ndizo zinazonilisha na kunilipia pango. Miaka ya karibuni kimeongezeka kifaa kimoja ambacho zamani nilikuwa nakiona kwenye maduka ya Kariakoo tu: jiko la presha la umeme, au kama wateja wangu wanavyoliita, presha kuka.

Ninapoandika, zipo tatu kwenye rafu. Moja bodi yake iliungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Hilo ni la ufundi, nitalimaliza mwenyewe. Mbili zilizobaki hazina ugonjwa. Nimezifungua, nimepima hita, nimepima kihisi joto, nimechemshia maji. Nzima kabisa. Wenye nazo hawakuzileta zitengenezwe, wamezileta ziuzwe. "Fundi, nitafutie mteja hata kwa elfu hamsini," aliniambia mama mmoja. Nikamuuliza imemkosea nini. Akacheka kidogo. "Yenyewe haina neno. Nyumba ndiyo haiitaki."

Naomba niwaeleze nyumba hiyo, kwa sababu nami naishi kwenye ya namna hiyo hiyo.

Kwanza niseme ninachokiona, msije mkadhani nimekuja kulalamika tu. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao, na fundi wa umeme bila umeme ni mtu aliyekaa kwenye benchi anapiga soga. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukawashwa. Mwezi uliofuata tukasikia kinyume cha tulivyozoea, kwamba umeme umezidi mahitaji na baadhi ya mitambo ya maji imezimwa. Leo mitambo yote tisa imekamilika, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huo huo alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, na zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka kwa sababu ya moshi wa jikoni. Hiyo namba sihitaji kuhubiriwa. Mama yangu mzazi amepikia kuni maisha yake yote, na kikohozi chake nakitambua kabla hajafika mlangoni.

Kwa hiyo umeme upo. Jiko lipo, linauzwa hadi Tandika sokoni. Simu ya kulipia ipo mfukoni mwa kila mtu. Kilichobaki katikati ni mita.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na banda uani. Kaya saba, watu ishirini na wawili ukihesabu na wachanga. Bomba moja, choo kimoja, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Rimoti ya LUKU imetundikwa kwenye msumari koridoni, mlango wa chumba cha kwanza, na aliyepanga chumba hicho amekuwa mwenyekiti wa umeme bila kugombea. Kila chumba kinatoa elfu kumi kwa mwezi. Mwenye friji, dada anayeuza barafu na ubuyu wa kugandisha, anatoa kumi na tano. Inatosha mwezi ukiwa mwema. Ukiwa mbaya, umeme unaisha tarehe ishirini na mbili, saa tatu usiku, watoto wanaangalia katuni.

Hapo ndipo mngetakiwa mje. Giza linaingia, sauti ya kwanza ni ile ile: "Imekata au imeisha?" Mtu anatoka na tochi ya simu anaangalia rimoti. Imeisha. Michango inaanza upya, buku buku, mlango kwa mlango, na kila mlango una hotuba yake. Yule hakushinda nyumbani wiki nzima. Yule hana hata tivii. Yule mgeni wake amekuwa anachaji power benki mbili. Pesa ikitimia, mmoja ananunua kwa simu, ujumbe unaingia wenye tarakimu ishirini, mmoja anasoma na mwingine anabonyeza. Wakikosea ya kumi na saba wanaanza upya. Taa zikiwaka, watu wanashangilia kama goli. Kisha linaulizwa swali ambalo halijawahi kukosa kuulizwa: "Lakini jamani, nani anapika na umeme?"

Presha kuka haifichiki. Ukifunga kifuniko inalia, ikimaliza inatoa mvuke kama garimoshi linaingia Stesheni. Dada wa watu anaweza kuwa ametumia umeme mdogo kuliko pasi ya jirani yake, lakini pasi haipigi kelele.

Nilidhani nikiwaonyesha hesabu mambo yataisha. Nina kipimo kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, kinaonyesha kifaa kimekula uniti ngapi. Nikachukua nusu kilo ya maharage makavu, sikuyaloweka, nikapikia kwenye presha kuka ya lita sita. Yakaiva yakawa kama siagi. Kipimo kikasoma uniti 0.36. Kwa bei tunayonunua sisi, hiyo ni shilingi mia na ishirini na nane. Maharage hayo hayo kwa mkaa ni makopo mawili, na kopo hapa mtaani ni buku. Shilingi mia na ishirini na nane kwa elfu mbili! Kuna siri kidogo ya ufundi hapo: jiko hili halili umeme muda wote. Joto na presha vikifika, hita inajizima, na kwa kuwa limefungwa na kuta zake zinatunza joto, linakaa kimya dakika nyingi, linawaka kidogo, linazima tena. Nikakieleza kikao cha korido yote hayo. Jirani wa chumba cha tatu akakitazama kipimo changu, akanitazama na mimi, akasema, "Fundi, hiyo namba umeiweka wewe."

Simlaumu. Mkaa hauna ugomvi: kopo lako, jiko lako, moto wako. Ukiisha ni wako umeisha. Watu wazima kwenye nyumba ya kupanga hawanunui joto peke yake, wananunua na amani. Kwa bei ya amani, elfu mbili si nyingi.

Baba mwenye nyumba amelimaliza kwa njia yake. Pale juu ya rimoti amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MARUFUKU HITA, JIKO LA UMEME. PASI JUMAMOSI TU. Ningependa kumkasirikia, ila nimewahi kufungua main swichi ya nyumba hii. Nyaya ni nyembamba, za enzi kila chumba kilikuwa na taa moja na redio. Presha kuka moja ni wati elfu moja. Zikiwashwa tatu jioni moja na mtu akachomeka pasi, nyaya hizo zitaanza kunuka. Nimeshachomoa ukutani waya ulioyeyuka ukashikana na plasta. Basi kwenye usalama niko upande wake. Ila kusuka nyaya upya ni gharama yake, na faida ya jiko la umeme ni ya mpangaji. Hapo ndipo gari linapozama.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu, nalo ni bei.

Kwa viwango tulivyonavyo tangu 2016, mteja wa nyumbani ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi ananunua uniti kwa shilingi 100, na ukijumlisha kodi na tozo inakuwa kama 122. Anayezidi hapo kwa kawaida anahamishiwa kundi la juu, shilingi 292 kwa uniti, na kwa makato yote kama 356. Nia ya mpango huo ilikuwa njema, mwenye kipato kidogo asiumie. Naunga mkono nia hiyo kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba mpango hauhesabu watu. Unahesabu mita.

Nyumba yetu kwa mwezi inakula uniti kama 210. Gawa kwa saba, kila kaya 30. Tungekuwa kila mmoja na mita yake, sote tungekuwa kundi la chini na kila kaya ingelipa elfu tatu na mia sita na ushee. Kwa kuwa tumebanana kwenye mita moja, tunaonekana tajiri mmoja mwenye matumizi makubwa, na uniti zile zile 30 zinagharimu elfu kumi na mia sita na ushee. Upande wa pili wa barabara yupo mtu mwenye nyumba yake ndogo, anaishi na mke na mtoto mmoja, wana friji na tivii, anatumia uniti 70. Analipa elfu nane na mia tano. Yaani yeye anatumia zaidi ya mara mbili ya chumba changu na bado ananishinda kwa unafuu. Ruzuku ya maskini imempita mpangaji wa chumba kimoja ikaenda kwa mwenye nyumba. Sisemi jirani anyang'anywe. Nasema mtuhesabu na sisi.

Na hata huyo jirani msimtakie heri haraka. Mkewe akisikia tangazo la redioni aache mkaa apike kwa umeme, akatii, akawa anapika wali, maharage na chai ya asubuhi, zile uniti 70 zitafika mia na zaidi. Atavuka mstari, na bei yake itapanda karibu mara tatu, si kwa uniti za jikoni tu bali kwa taa na friji alizokuwa nazo tangu zamani. Mkakati unamwambia apike kwa umeme, bei inamwambia asithubutu kupita 75. Mngeziweka karatasi hizi mbili kwenye meza moja zisomwe na mtu mmoja, angeona mara moja. Wasiwasi wangu ni kwamba zinasomwa ghorofa tofauti.

Kuna mpango wa kumkopesha mteja jiko la umeme akawa anakatwa kidogo kidogo kila anaponunua umeme. Wazo zuri. Lakini litazameni kutokea koridoni kwetu. Mkopo utakuwa kwenye mita, mita ina jina la mwenye nyumba, na makato yatatoka kwenye mchango wa kaya saba ili mmoja apate jiko. Nani atakubali? Vivyo hivyo kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, sasa 1,500 kwa mwezi. Ni deni la mwenye nyumba, kila mtu anajua, na sijawahi kumsikia mpangaji wa korido yetu aliyemkata kwenye pango. Mita ilipotakiwa kukusanya, ilifundishwa kazi mpya. Nawaombeni muifundishe nyingine.

Ninachoomba hakihitaji bwawa jipya. Nyumba ya kupanga yenye kaya saba iruhusiwe kuwa na mita saba kwenye laini ile ile moja inayoingia, kila mita na jina la mpangaji wake, na gharama yake isiwe kama ya kuunganisha nyumba mpya saba, kwa sababu nguzo ipo na waya wa kutoka nguzoni upo. Mnaweza kuikopesha mita yenyewe kama mnavyokopesha jiko. Pale ambapo mita saba haziwezekani kwa leo, basi ile kinga ya uniti 75 izidishwe kwa idadi ya kaya zilizomo. Mtaniuliza mtazijuaje kaya, watu watadanganya. Waheshimiwa, laini ya simu niliisajili kwa alama za vidole. Nina namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Mjumbe wa mtaa anajua tumelala wangapi jana. Katika mifumo yote ya nchi hii mimi ni mtu mwenye jina, ni kwenye LUKU tu ndipo ninapokuwa chumba cha tano cha mtu mwingine.

Wapo wenye nyumba waliojiongeza, wakafunga mita ndogo za kila chumba wenyewe. Zinaondoa ugomvi, hilo nalikiri, na nimezifunga nyingi. Haziondoi bei, maana umeme ulionunuliwa kwa 356 pale mbele hauwezi kuwa 122 ukifika chumbani. Wengine wanaupandisha hadi mia tano kwa uniti, na mpangaji hana pa kwenda kushtaki.

Na nyaya. Mkitaka majiko ya umeme yaingie kwenye nyumba za namna hii, mtu lazima azikague na kuzisuka upya, angalau njia moja nene kwa kila chumba yenye breka yake. Kwa mwenye nyumba anayepokea pango la vyumba saba vya Tandika hiyo si fedha ya kuchomoa mfukoni. Mmetoa ruzuku kwenye mitungi ya gesi, mitungi mingine imegawiwa bure kwenye mikutano na watu wakapiga picha. Baadhi yake naiona imekaa juu ya makabati, mitupu, kitambaa kimetandikwa juu na ua la plastiki. Kujaza mtungi mdogo wa kilo sita ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo. Anayepata hela yake kwa siku ananunua moto wake kwa siku. Mafuta ya taa aliyapima kwa kibaba, mkaa anaupima kwa kopo. Ndiyo maana ile teknolojia ya kufunga mita juu ya mtungi, mtu akalipia gesi ya buku kwa simu, ilipokuja Dar es Salaam ilieleweka mara moja bila semina. Waliobuni walimwangalia mnunuzi kwanza, ndipo wakaangalia gesi. Fedha ya mtungi mmoja wa kupambia kabati ingetosha kununua breka na waya wa chumba kimoja, na ufundi nitatoa kwa bei ya mtaa.

Sitaki kuwachosha na ya bajaji za gesi asilia na pikipiki za umeme, ingawa vijana wa kijiwe chetu wameanza kuniuliza kama betri inaweza kuchajiwa nyumbani. Nawajibu inaweza, kama una nyumba.

Nimalizie na yule mama wa presha kuka. Mteja hajapatikana mpaka leo, na sijamtafuta sana, nakiri. Wiki tatu zilizopita alipita kibandani na bakuli la maharage, akaniomba jambo ambalo sikulitegemea: nimpikie hapo hapo, kwa jiko lake mwenyewe, kwa kuwa kibanda changu kina LUKU yake. Nikamchomekea pembeni ya deski la kulehemu. Baada ya kama saa moja akaja kuchukua, akaniachia mia mbili ya umeme, akaondoka kabla mkaa wa jirani zake haujashika moto. Akarudi Jumatano. Jumamosi alikuja na shoga yake mwenye makande. Wa presha kuka ya pili naye akasikia, akaniambia nisiiuze kwanza.

Sasa kuanzia saa tisa alasiri nafanya kazi ya ufundi kwa mkono mmoja na kusikiliza mvuke kwa sikio jingine. Juzi nilihesabu bakuli tano zimepangwa kwenye benchi la wateja, kila moja imefunikwa kwa sahani na kuandikwa namba ya chumba kwa chaki.

Wenu mtiifu,

Fundi wa vifaa vya umeme, chumba cha tano,
Tandika, Dar es Salaam